Daktari Nukta na Mrija Uliokatwa

Kwenye saluni ya yule msusi, mteja hakuwa na haja ya kumaliza alichokuwa akisema. Akianza tu, "Juzi nimemwona yule...", msusi alikuwa ameshammalizia: "...shemeji yako, tena kavaa viatu vyako." Mara saba katika kumi alipatia, na zile tatu alizokosea ndizo zilizochekesha zaidi. Wateja wakambatiza jina la Redio. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi kuvishinda, na kutwa nzima alisimama akisuka vichwa vya watu huku akifumua habari zao.

Maumivu yalimwanza kama kitu cha kupita. Chini ya mbavu, upande wa kulia, kila alipokula chakula chenye mafuta, palimbana kama mtu kamshika na koleo. Alimeza dawa za tumbo mwaka mzima, akijikaza kisabuni, mpaka siku moja akamwacha mteja kichwa nusu na kujikunja sakafuni katikati ya vishungi vya nywele. Mteja huyo ndiye aliyempeleka hospitali, upande mmoja mistari, upande mmoja kichaka, na watu pale mapokezi hawakujua mgonjwa ni yupi kati ya wale wawili. Picha ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Ilibidi mfuko wenyewe utolewe.

Daktari wa upasuaji aliyepangiwa alikuwa na kigugumizi. Hakikuwa kile cha hapa na pale ambacho mtu hukificha kwa kukohoa. Neno lilimkwama kooni, macho yakafumba, kidevu kikatetemeka, kisha likatoka zima na safi kana kwamba halikuwa na shida yoyote. Wauguzi walimwita Daktari Nukta, kwa vile kila baada ya neno moja au mawili aliweka nukta. Mwenyewe alijua. Mtu fulani alikuwa amebandika kikaratasi chenye nukta tatu kwenye kabati lake la nguo, na hakuwahi kukibandua.

Msusi, kama kawaida yake, alijaribu kumsaidia. Daktari akisema, "Tutakutoboa ma...", yeye akadakia, "Mapafu?" Daktari akatikisa kichwa akatabasamu, akamaliza: matundu, matundu manne madogo. Alimweleza kwamba kamera itapita tundu moja na vyombo vitapita mengine. Alifika pia kwenye hatari zake, akaanza kusema habari ya mirija, lakini msusi alikuwa ameshachoka kungoja. Akamwambia anajua, kila kitu kina hatari yake, hata kuvuka barabara, akavuta fomu akatia saini.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini kabla ya kustaafu, hakupendezwa. Walipotoka nje alinong'ona kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia kwamba hajui mtu anayeshindwa kumaliza sentensi atamalizaje upasuaji. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita na trei ya sindano alisimama. "Mikono yake haina kigugumizi, mama," alisema, akaendelea na safari yake.

Upasuaji ulifanyika Jumanne. Jumatano msusi alikaa kitandani, akanywa uji, akapiga soga na wodi nzima. Alhamisi alitakiwa aende nyumbani, lakini aliamka hajisikii vizuri. Tumbo lilikuwa limejaa. Ngozi ilimwasha kila mahali, hata kwenye nyayo, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ijumaa asubuhi binti yake, aliyekuwa akimshikia saluni, alipita kumletea nguo safi, akamtazama usoni, akaziweka nguo chini taratibu.

"Mama, macho yako yamekuwa ya njano."

Madaktari vijana walikuja wawili, baadaye wakaja watatu. Walisoma faili, wakambonyeza tumbo, wakasema hali inafuatiliwa. Alipouliza hali gani, mmoja alianza kukunja kifaa chake cha kusikilizia mapigo, akakikunjua, akakikunja tena. Msusi alizijua dalili hizo. Msaidizi wake alipounguza nywele za mteja kwa dawa, alianza kupanga vitana kwa ukubwa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie hospitalini, akaogopa.

Alipelekwa kupigwa picha, akarudishwa. Dada yake alifika na daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili, ya pili ikiwa ya akiba, akaketi pembeni ya kitanda na kuandika saa aliyoingia. Alikuwa ameshauliza watu wanne na kupata majibu manne, na yote aliyaandika. Mchana, saa saba na robo kwa mujibu wa daftari hilo, Daktari Nukta aliingia.

Hakuja na msafara. Alimkabidhi muuguzi simu yake, akavuta pazia kuzunguka kitanda, akatafuta kiti. Kilichokuwepo kilikuwa kimebeba mabeseni; akayashusha moja moja, akakisogeza karibu, akaketi, macho yake yakawa usawa na ya mgonjwa. Nyuma yake aliingia katibu wa hospitali, mwanamume nadhifu mwenye sauti ya mtangazaji, na karatasi mkononi. Katibu alisalimia vizuri, akampa mgonjwa pole, akaomba ruhusa ya kusoma. Akasoma kwamba kufuatia upasuaji, mgonjwa amepatwa na tatizo linalofahamika kutokea katika matibabu ya aina hii, na kwamba hatua stahiki zinachukuliwa.

Karani hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. "Hapo nani kafanya nini?" aliuliza. "Miaka thelathini nimeandika maelezo ya watu. Ukiona sentensi haina mtenda, ujue mtenda kajificha humo humo."

Katibu akafungua kinywa, lakini daktari alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba ile karatasi. Aliipokea kwa adabu, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mweupe, akaiweka juu ya goti na kutoa kalamu. Alichora ini, likawa kama mlima uliolala ubavu. Alichora mfuko wa nyongo chini yake, kama peasi dogo. Kisha akachora mirija miwili, mmoja mfupi unaotoka kwenye mfuko, na mwingine unaoshuka kutoka kwenye ini mpaka kwenye utumbo.

"Huu mfupi ndio ni... niliotakiwa kuukata," alisema. Akahamisha kalamu. "Huu mrefu hauguswi. Huu nili..."

Neno likamkwama. Macho yakafumba. Msusi, ambaye maisha yake yote hajawahi kumwacha mtu akae na neno kooni, akamsaidia.

"Uliuacha?"

Daktari akatikisa kichwa.

"Uliziba wenyewe?"

Akatikisa tena.

"Ulikuwa umeshaharibika," msusi alisema haraka, akimfungulia mlango wa kutokea, maana kuona mtu anataabika vile lilikuwa jambo lililomshinda. "Mwili wangu una mambo yake, daktari, hata mama yetu alikuwa hivyo hivyo. Basi ni bahati mbaya. Ni kazi ya Mungu."

Katibu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona basi alilokuwa akilingoja. Lakini daktari aliinua mkono kidogo, kiganja wazi, kama anayeomba njia sokoni. Akangoja mpaka msusi aliponyamaza. Akavuta pumzi.

"Niliukata," alisema. "Niliukata mimi. Ulikuwa mzima. Nilidhani ni ule mfupi. Si mwili wako, mama, na si bahati. Nimekosea, na wewe ndiye u... uliyeumia. Nisamehe."

Nje ya pazia mtu alikuwa akiburuta toroli lenye gurudumu bovu. Karani alikuwa ameacha kuandika. Msusi alitazama ule mchoro, mlima na peasi na njia mbili, na kidole cha daktari bado kimekaa juu ya njia ndefu, hakijaondoka. Hasira ilimpanda kutoka mahali asipopajua, ikamjaa mpaka masikioni, na hasira yenyewe ilichanganyika na aibu, kwa sababu sekunde chache zilizopita alikuwa akimtetea mtu huyu.

"Toka," alisema.

Daktari alisimama. Hakujitetea wala hakuharakisha. Alimwambia kwamba kuna mambo ya kufanywa leo ili nyongo isimdhuru zaidi, na muuguzi atamweleza kabla hajaguswa. Yeye atarudi saa kumi. Kama hatamtaka, atakaa kwenye benchi la nje, na swali lolote limfuate huko. Katibu aliomba karatasi yake. Karani alikuwa ameshaikunja na kuitia ndani ya daftari.

Muuguzi aliyebaki ni yule yule wa trei ya sindano. Alimfuta msusi uso kwa kitambaa cha maji, na katika kumfuta akamweleza mambo ambayo pengine hakutakiwa kuyaeleza. Asubuhi ile kulikuwa na kikao ofisini. Waliamua kwamba kwa vile ulimi wa Nukta ni mzito, na familia ina karani wa mahakama, basi azungumze katibu, na Nukta abaki chumba cha upasuaji. Nukta aliwasikiliza wote, akasema neno moja tu. "Alisema 'Hapana'," muuguzi alisema, "na hilo wala halikumkwama."

Saa kumi kamili pazia lilisogea. Msusi alikuwa ameshawekewa mpira mwembamba ubavuni uliokuwa ukitoa maji ya kijani na njano kwenye mfuko wa plastiki, na maumivu yalikuwa yamepungua. Hakumkaribisha daktari, lakini hakumfukuza. Daktari akavishusha vitu vilivyorudi juu ya kiti, akaketi.

"Nitakufa?" msusi akamuuliza.

"Si... sidhani. Siwezi kukuapia. Wengi wanapona, lakini njia ni ndefu, na sitaki nikwambie ni fupi."

Wakazungumza karibu saa nzima. Mengi alisema daktari, na kwa vile alisema polepole, msusi aliyaelewa yote, tofauti na siku ile ya fomu. Mrija utahitaji kuunganishwa na utumbo kwa upasuaji mwingine mkubwa, safari hii kwa kupasua kweli, si kwa matundu. Si kazi ya haraka: lazima uvimbe ndani utulie kwanza. Alimwambia na jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kuna picha ya mirija ambayo angeweza kuipiga pale pale mezani, kabla ya kukata. Siku ile ndani mlikuwa na uvimbe na mambo hayakuonekana vizuri, na hakuipiga. Aliona anaijua njia.

Msusi akauliza kwa nini asirekebishe mwenyewe alichoharibu. Swali lilitoka na ukali, alitaka limchome.

"Kwa sababu kazi hiyo nimeifanya mara mbili tu," daktari alisema. "Yupo bingwa kwenye hospitali ya rufaa, ameifanya zaidi ya mara mia. Halafu mkono uliokosea una ha... haraka ya kujisafisha. Sitaki uharakishwe."

Hapo karani alifunga daftari, jambo ambalo mdogo wake aliliona kuwa la hatari kuliko kulifungua, akauliza ni mara ngapi amekata mrija wa mtu. Daktari aliyatazama mabeseni. Alisema hii ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita, akiwa bado chini ya mkubwa wake. Mkubwa alimwambia asijisumbue kwenda kuongea, kwa ulimi ule atawatisha watu bure, akaenda yeye. Alizungumza vizuri sana, maneno yanateleza kama mafuta. Mgonjwa alikuwa mwanamume, dereva wa trekta. Alishukuru, akaenda nyumbani akiamini ana uvimbe mdogo utakaopoa wenyewe. Macho yalipogeuka njano alisubiri upoe, kama alivyoambiwa.

"Akarudi?" karani aliuliza.

"Alirudi amechelewa."

Karani akafungua tena daftari, akayaandika maneno hayo mawili.

Jumamosi asubuhi gari la wagonjwa lilimchukua msusi kwenda hospitali ya rufaa. Daktari Nukta alipanda naye. Siku ile alikuwa na mapumziko. Alivaa shati la nyumbani lenye mfuko uliochanika kidogo. Njiani hakuongea, alishikilia tu ule mfuko wa nyongo usipinduke kwenye kona, na dada mtu alikaa mbele karibu na dereva, daftari mapajani.

Bingwa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani kichwani na nyingine kifuani, asiyependa maneno mengi. Alimpokea mgonjwa mlangoni mwa wodi na papo hapo akaanza kuuliza. Msusi alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu kati yao wawili. Ndugu wa mgonjwa walikuwepo, wauguzi walikuwepo, na wanafunzi sita wa udaktari wenye makoti mapya walikuwepo. Katika maisha yake msusi alikuwa amesikia watu wengi wakiungama faraghani, kisha wakibadili maneno mbele ya wenzao. Alijua hapa ndipo kauli itakapopinda: mbele ya mkubwa wa fani yake mtu atatafuta lugha yao, ile isiyo na mtenda.

"Nani alikata?" bingwa aliuliza.

"Mimi."

"Mrija mkuu?"

"Ndiyo. Ulikuwa mzima. Nilidhani ni ule mfupi."

"Ulipiga picha?"

"Hapana. Ndani mlikuwa na u... uvimbe, sikuona vizuri. Niliona naijua njia."

Mwanafunzi mmoja alitazama viatu vyake. Karani alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa wa jana, na kidole chake kilikuwa kikishuka mstari kwa mstari, kama alivyozoea kufuata ushahidi wa mtu anayeulizwa mara ya pili. Kidole kilifika chini. Hakikukuta tofauti. Aliinua kichwa akamtazama yule mtu wa shati lililochanika kwa namna ambayo mdogo wake hakuwahi kumwona akimtazama mtu yeyote, labda jaji mmoja tu aliyekuwa akimsimulia miaka mingi.

Bingwa alishusha miwani kutoka kichwani mpaka puani. "Umemleta mapema," alisema. "Vizuri." Kutoka kwake, kama walivyokuja kujua, hiyo ilikuwa hotuba.

Hata hivyo, kumheshimu mtu hakuondoi maumivu aliyokutia. Msusi alikaa wiki sita na mpira ubavuni na mfuko kiunoni, chini ya gauni pana, akinuka nyongo au akidhani ananuka. Alipungua mpaka pete ikawa inachomoka kidoleni. Hakuweza kusimama na kusuka. Binti alishika saluni peke yake na wateja wakalalamika kwamba anasuka vizuri lakini kimya kimya, kama msibani. Kisha ukaja upasuaji wa saa sita, kovu refu la mshazari chini ya mbavu, na kujifunza upya kula, kucheka bila kushika tumbo, kugeuka kitandani.

Kila Jumamosi Daktari Nukta alikuja. Wakati mwingine alikuwa na majibu ya vipimo, wakati mwingine hakuwa na lolote ila yeye mwenyewe. Jumamosi moja msusi aliamka na chuki nzito, akamwambia muuguzi hataki kumwona mtu huyo, leo wala kesho. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona magoti yake kwenye benchi la korido. Magoti yalikaa pale saa nzima, yakaondoka. Jumamosi iliyofuata yalirudi, na mwenye magoti hakutaja habari ya wiki iliyopita. Aliuliza kama mwasho umepungua. Ulikuwa umepungua. Msusi akamwambia akae ndani, kwenye korido kuna upepo.

Daktari mwenyewe ndiye aliyewaonyesha pa kupeleka malalamiko. Karani alikuwa ameshajiandaa kupigana ili aipate anwani hiyo, na alipoandikiwa na daktari mwenyewe, pamoja na jina la anayepokea na siku anazokuwepo, alibaki ameishika kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Daktari alimwambia aandike yote. "Nitakachosema kule ni hi... hiki hiki."

Karani aliandika kurasa kumi na moja. Baraza la madaktari lilikaa, likamwita kila mtu. Daktari Nukta alizuiwa kufanya upasuaji ule kwa miezi sita, kisha akaruhusiwa akiwa na mwenzake mezani. Gharama za msusi hospitali ilizibeba yenyewe. Ikatoka pia amri kwamba pasipoonekana vizuri, picha ipigwe kabla ya kukata, awe nani anayekata. Daktari aliwapa habari hizo zote msusi na dada yake kabla barua haijawafikia, pamoja na ile ya kuzuiwa, na aliisema bila kujihurumia. Msusi alimuuliza kama inamuuma. Alifikiri kidogo. Akasema inamuuma, lakini si kama Ijumaa ile.

Karani, ambaye kwa kawaida sifa zilimtoka kwa shida kama jino la ukubwani, alikuja kumwambia mdogo wake siku moja wakikunja nguo kwamba kazini aliona waungwana wengi wakila kiapo. Wote waliapa kusema kweli, na wengi waliisema walipobanwa. Mtu aliyeifuata kweli mwenyewe, kwa miguu yake, na ulimi kama ule, alikuwa hajamwona bado. Msusi alitaka kumtania kwamba amempenda daktari wa watu. Alipoona uso wa dada yake, akaendelea kukunja shuka.

Mwaka mmoja baada ya upasuaji wa kwanza, Daktari Nukta alimwomba msusi jambo. Kila mwaka alizungumza na madaktari wapya kuhusu siku mambo yanapoharibika. Safari hii alitaka msusi naye azungumze, ikiwa anaweza. Na ikiwa hawezi, basi. Msusi alikubali kabla hajafikiri, akajuta, akaenda.

Ulikuwa ukumbi mdogo wa darasa, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na moja iliyokufa. Walikuwepo vijana kama thelathini. Daktari alisimulia kisa chote, polepole, na kila alipokwama ukumbi mzima ulikwama naye. Alichora ini ubaoni. Kisha akaketi mstari wa mbele, kati ya wanafunzi, akamwachia msusi nafasi.

Msusi aliwasimulia ya kwake. Aliwaambia jinsi wale vijana watatu walivyosoma faili lake siku ya njano, na kwamba kule kukunja na kukunjua kifaa kulimtisha kuliko habari yenyewe. Aliwachekesha kwa habari ya mabeseni na ya katibu kupokonywa karatasi. Aliwaambia kiti ni dawa. Mtu akisimama mlangoni mgonjwa anajua anataka kukimbia. Alieleza na Jumamosi ya magoti.

Binti mmoja wa nyuma aliinua mkono, akauliza alichokuwa akitaka kuuliza kila mtu. "Mama, umemsamehe?"

Daktari Nukta hakugeuka. Msusi alimwona anatazama mikono yake mwenyewe.

"Sijui niseme nini, mwanangu," alisema. "Kuna asubuhi naamka kovu linavuta, namsema vibaya mpaka namaliza. Mchana nasikia mtu anaumwa, namwambia nenda kwa huyu, usiende kwingine. Vyote viwili ni kweli. Yeye mwenyewe anajua, nimemwambia. Ningekuwa sijui nani alikata, ningechukia hospitali nzima, ningechukia dawa, ningekaa nyumbani kama yule dereva wa trekta. Sasa namchukia mtu mmoja, tena si kila siku, na Jumamosi anakuja namuuliza watoto wake hawajambo."

Walicheka kidogo, kwa uangalifu, wasijue kama wanaruhusiwa. Daktari naye alicheka, na hapo wakacheka wote.

Baadaye walishuka pamoja mpaka maabara, maana ilikuwa pia siku ya kipimo chake cha damu, kile atakachofanya kila baada ya miezi sita maisha yake yote, kuhakikisha mrija mpya haujabana. Karani aliwangoja pale na mkoba. Majibu yalitoka saa nane. Daktari aliyasoma mara mbili, kisha akamkabidhi msusi ayasome mwenyewe, akimwonyesha kwa ncha ya kalamu namba ya leo na namba ya safari iliyopita. Ya leo ilikuwa nzuri zaidi. Karani naye aliisoma, akainakili na tarehe.

Msusi aliaga, akashika njia ya saluni. Alikuwa na mteja wa saa tisa, mwenye nywele nyingi, na alitaka kufika kabla binti yake hajaanza kumsuka kimya kimya.